Akiba ya Pumzi

Laringoskopu, chuma cha kutazamia ndani ya koo, hushikwa kwa mkono wa kushoto. Mtu anayeandika, anayekula na anayesalimia kwa mkono wa kulia, akishasimama kichwani pa mgonjwa hukihamishia chuma hicho kushoto, kwa kuwa wa kulia una kazi nyingi zaidi: kufungua mdomo, kuelekeza mkono wa msaidizi, kupokea na kupitisha mrija wa kupumulia. Bapa huingia kwa upande wa kulia wa mdomo, likaukumba ulimi kuelekea kushoto, kisha likateleza hadi kwenye kijibonde kilicho kati ya shina la ulimi na kile kifuniko cha zoloto. Hapo ndipo mwanagenzi na fundi huachana. Mwanagenzi hukunja kifundo cha mkono na kuyaegemea meno ya juu, na meno yakang'oka. Fundi hunyanyua. Mkono mzima, kuanzia begani, huelekea pale ukuta na dari vinapokutana mbele ya miguu ya mgonjwa, na kifundo hakipindi hata kidogo. Kifuniko kinainuka, na chini yake zinaonekana nyuzi mbili nyeupe za sauti, zimekutana kwa juu na kuachana kwa chini. Katikati pana giza. Mrija hupita humo.

Bapa hilo lililopinda lilibuniwa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Aliyetangulia kuyatazama mambo haya ya kooni alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, Mhispania, ambaye mwaka 1854 alitia kioo kidogo mdomoni mwake, akaulenga mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikicheza. Aliishi hadi miaka 101. Sijui kama kuimba kuna mchango hapo, ila inapendeza kudhani hivyo.

Mgonjwa mwenye koo la kawaida, aliyefunga kula tangu jana, kwenye chumba cha upasuaji chenye taa nzuri, ni kazi ya nusu dakika. Ninayetaka kumzungumzia ni mgonjwa wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ambaye koo lake limekataa na mapafu yake hayawezi kungoja, na huyo anayesimama kichwani pake saa tisa usiku. Kwa kawaida si yule daktari ambaye jamaa humvizia koridoni. Nchini Kenya kazi ya nusukaputi imebebwa kwa sehemu kubwa na maafisa wa kliniki waliorudi chuo cha KMTC kusomea fani hiyo, na wauguzi waliofunzwa mahali kama Kijabe, pamoja na madaktari bingwa wachache ambao wengi wao hupita Chuo Kikuu cha Nairobi. Kando yao wako wauguzi wa wagonjwa mahututi. Jijini Nairobi wengi wanaishi Umoja, Donholm, Buruburu, Komarock. Ukikutana nao asubuhi steji ya Mutindwa, wanatoka zamu huku wewe unaelekea kazini, utadhani ni watu waliokosa usingizi tu.

Mitaa hiyo ya Eastlands huwaletea makoo ya kila aina. Kuna jino. Jino bovu lililovumiliwa miezi kwa tembe za duka la dawa la kona, mpaka usaha ukashuka chini ya ulimi. Sakafu ya mdomo inavimba na kuwa ngumu, ulimi unasukumwa juu na nyuma, na mgonjwa anaketi ameinama mbele, mate yanamtiririka kwa kuwa hayamezeki. Daktari Mjerumani aliyeitwa Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado unaua watu kwa sababu ya jino ambalo lingeng'olewa kwa nusu saa. Ukimlaza chali mgonjwa wa aina hii, umemziba. Kuna kijana wa boda boda aliyegongwa Outering Road, taya limevunjika pande mbili, mdomo umejaa damu, na shingo imefungwa kola kwa hiyo hairuhusiwi kupinda, ilhali kupinda kwa shingo ndiko kunakofungua njia. Kuna mama wa kifafa cha mimba, wa aina ambayo Pumwani imekuwa ikiipokea tangu hospitali hiyo ilipoanzishwa mwaka 1926: uso umevimba, na ndani ya koo vilevile kumevimba, na nyama yake hutoka damu ikiguswa kidogo tu. Kuna aliyekunywa sumu ya wadudu, anayetoa mate na makohozi kuliko mashine ya kufyonza inavyoweza kuyamaliza. Kwake huyo, dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu, ambayo kwa mtu mwingine huisha kwa dakika chache, huweza kudumu saa nyingi, kwa sababu sumu imekiua kimeng'enya kinachoivunja. Fundi anayelijua hilo huchukua chupa nyingine. Asiyelijua hushangaa.

Halafu kuna moto.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Mradi, Embakasi, na moto ukaenea hadi kwenye nyumba na ghala lililokuwa karibu. Zaidi ya watu 270 walijeruhiwa na kupelekwa hospitali mbalimbali, zikiwemo Mama Lucy Kibaki na Kenyatta. Hesabu ya waliofariki ilianza na wachache, ikaendelea kupanda siku zilizofuata. Miaka 12 na ushei kabla ya hapo, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto katika kijiji cha Sinai, Mukuru, yakaua zaidi ya watu 100. Soko la Gikomba nalo huungua mara kwa mara hata watu wameacha kuuliza chanzo.

Moto una hila moja. Mtu aliyevuta moshi na hewa iliyochemka huweza kufika hospitali kwa miguu yake, anaongea, anaomba simu ampigie mkewe. Ngozi ya kifua inamuuma, koo linamwasha tu. Koo hilo litavimba polepole saa baada ya saa, na maji mengi ya dripu anayohitaji kwa ajili ya ngozi iliyoungua yatazidisha uvimbe. Ikifika alfajiri, pale palipokuwa na njia ya kupitisha kidole patakuwa na tundu la kupitisha kalamu, kisha hapatakuwa na kitu. Kwa hiyo mafundi lazima waamue mapema, wakati mgonjwa bado anazungumza na hakuna kinachoonekana kuharibika.

Namna wanavyoamua ni ya kutazama. Wanachungulia vinywele vya puani kama vimeungua. Wanamwomba mgonjwa akohoe kwenye kitambaa waone kama kuna masizi. Zaidi ya yote wanasikiliza.

"Mzee, unaitwa nani?"

Jina linatajwa.

"Unaishi wapi, mzee wangu?"

"Kayole. Soweto."

Jibu lenyewe si kitu. Kinachosikilizwa ni sauti, na baada ya robo saa swali lilelile litaulizwa tena kwa upole uleule, na mzee atadhani daktari huyu ni msahaulifu. Sauti ikiwa imeanza kukwaruza, au neno la mwisho likimalizika kwa mluzi mwembamba wa hewa, basi mambo yamebadilika. "Mzee, koo lako linavimba. Nataka nikulaze usingizi sasa, wakati bado naiona njia." Kumwambia hivyo mtu aliyekaa wima, mwenye fahamu zake, na kumwambia bila kumtisha, ni ufundi ambao hakuna mtihani unaoupima. Na kuna upande wa pili: si kila aliyeungua uso anahitaji mrija. Ukiwatia wote mrija kwa hofu, utamaliza vitanda, na utawaletea wengine nimonia ambayo hawakuja nayo. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali ya barabarani alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU, na alifariki. Anayetia mrija bila sababu anakikalia kitanda cha mtu aliye njiani.

Sasa tuje kwenye akiba, maana hapo ndipo ninapoona uzuri wenyewe wa kazi hii. Mtu akishalazwa usingizi na misuli yake kulegezwa, hapumui tena. Tangu sekunde hiyo anaishi kwa oksijeni iliyobaki mapafuni. Mtu mzima mwenye afya, aliyevutishwa oksijeni tupu kabla, huweza kukaa karibu dakika 8 kabla kiwango hakijashuka chini ya asilimia 90. Mgonjwa wa ICU, ambaye mapafu yake yamejaa maji au usaha na mwili wake unaunguza oksijeni kwa homa, huenda asifikishe hata 2. Akiba haiozi, husema wahenga. Hii huoza.

Na Nairobi huanza na akiba ndogo. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Ukifanya hesabu ya mvuke wa maji na ya hewa chafu inayokaa mapafuni, mapafu yaliyojazwa oksijeni tupu Donholm yana oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko mapafu hayohayo yakiwa Likoni. Hakuna mashine inayorudisha hiyo moja ya tano wakati pumzi imesimamishwa. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na dakika zao si dakika zetu.

Basi kila kinachofanywa kabla ya chuma kugusa mdomo ni kuongeza akiba. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa. Mashuka na blanketi hukunjwa na kupangwa chini ya mabega na kichwa, moja baada ya jingine, huku fundi akirudi nyuma hatua moja kutazama kwa ubavu: tundu la sikio lilingane na kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Likipungua kidogo, shuka jingine. Nimeona jambo hili likichukua muda mrefu kuliko kutia mrija wenyewe, na jamaa aliyekuwa akichungulia dirishani akanung'unika kwamba mgonjwa anakufa na wao wanatandika kitanda. Barakoa hukandamizwa usoni isiruhusu hewa ya chumba kuingia, kwa dakika 3 kamili zilizohesabiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba barakoa inayosukuma hewa kwa mashine hupunguza wanaoishiwa oksijeni kutoka asilimia 18.5 hadi 9.1. Mirija midogo ya puani nayo huachwa ikitiririsha oksijeni hata baada ya pumzi kusimama, kwa sababu oksijeni huendelea kuteremka polepole yenyewe, bila kifua kuinuka.

Akiba ya damu nayo inahesabiwa. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa wagonjwa 2,964 katika nchi 29, ukaonyesha kwamba asilimia 45.2 ya wagonjwa mahututi waliotiwa mrija walipata angalau tatizo moja kubwa, na mara nyingi tatizo hilo lilikuwa shinikizo la damu kuporomoka. Asilimia 3.1 moyo wao ulisimama. Ndiyo maana utaona bomba la sindano la adrenalini iliyozimuliwa limelala juu ya mto, limebandikwa jina, kabla hata ya ketamini, dawa ya usingizi, kuvutwa. Na ketamini yenyewe hutolewa kwa kipimo cha chini kuliko cha chumba cha upasuaji, kwa sababu mtu aliyekaribia kuzimia huhitaji dawa kidogo kulala.

Wakati macho ya fundi yako kooni, masikio yako kwenye kidole cha mgonjwa. Kifaa cha kupima oksijeni, ambacho asili yake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hulia kila moyo unapopiga, na mlio huo hushuka sauti kadiri oksijeni inavyopungua. Chumba kizima hujua wakati umekwisha bila mtu kutazama skrini. Lakini kifaa hicho kina kasoro mbili, na mafundi wazuri wanazifahamu. Kwanza, huchelewa: kinachosomwa kidoleni, hasa kidole cha baridi cha mtu mwenye mshtuko, ni habari ya nusu dakika iliyopita au zaidi. Pili, humsifu mtu mweusi kupita kiasi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliosomeka kuwa na oksijeni ya kutosha, waliokuwa wamepungukiwa bila kujulikana walikuwa asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Jijini Nairobi hiyo ina maana kwamba 92 huenda si 92. Fundi mmoja aliniambia yeye huacha kuiamini namba pale inapofika 94. Akisikia mlio umeanza kushuka hutoa chuma, anarudisha barakoa, anapuliza. Sikumuuliza alijifunzaje.

Kuacha ni sehemu ngumu kuliko zote. Mkono ulioshika chuma una tamaa. Kila mara unaona kidogo: pembe ya uzi mmoja, kivuli, kitu ambacho huenda ndicho. Sekunde moja zaidi. Vuta kidogo zaidi. Na kila jaribio huacha uvimbe na damu, kwa hiyo la pili huanza mahali pabaya kuliko la kwanza, na la tatu ni pabaya zaidi. Miongozo ya Uingereza ya ICU ya mwaka 2018 iliweka ukomo wa majaribio matatu. Mafundi ninaowahusudu hawafiki huko bila kubadilisha kitu. Kama la kwanza limeshindikana, la pili haliwi marudio: mto unaongezwa, bapa linabadilishwa, msaidizi anabonyeza zoloto kwa nje na kulisogeza kulia taratibu mpaka aambiwe "hapo hapo, usiachie".

Na hutumia buji. Hicho ni kifimbo chembamba cha plastiki, cha urefu wa sentimita 60 hivi, ncha yake imepinda kidogo. Kinapoonekana kifuniko tu na nyuzi zimejificha, ncha hutambaa chini ya kifuniko hicho bila kuona, na kama imeingia kwenye koromeo, vidole vilivyoishika huhisi vipingili vya gegedu vikipita kimoja kimoja, tki, tki, tki. Ikiingia kwenye umio hakuna vipingili, kuna ulaini mtupu. Nimewaona wakifumba macho wakati huo. Siku hizi kuna laringoskopu za video, ambazo zilisambaa zaidi baada ya korona kuingia Kenya Machi 2020, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuinamisha uso wake juu ya mdomo wa mgonjwa wa korona. Ni vifaa bora. Utafiti wa 2023 ulionyesha mafanikio ya jaribio la kwanza ya asilimia 85.1 kwa video na 70.8 kwa chuma cha kawaida. Ila mate na damu hufunika kamera, betri huisha, na stima ikipotea kabla jenereta haijawaka, bado ni afadhali kuwa na vidole vinavyojua vipingili.

Kabla ya kuanza, mafundi husema mpango wao kwa sauti. Jambo hili dogo lina historia chungu. Machi 2005, nchini Uingereza, mama aitwaye Elaine Bromiley alilazwa usingizi kwa upasuaji mdogo wa pua. Njia ikakataa. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu kutia mrija huku dakika zikipita. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kufungua shingo, mwingine akaenda kutafuta kitanda cha ICU, hakuna aliyewasikiliza. Mama huyo alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani, na katika kazi yake aliyeketi kiti cha pili hufunzwa kusema na wa kwanza hufunzwa kusikia. Alitumia miaka iliyofuata kuwaambia madaktari hivyo.

Katika hospitali zetu, ambako "daktari" husemwa kwa heshima ya kuinamisha kichwa, somo hilo si jepesi. Muuguzi wa miaka 24 kumwambia mkubwa wake "daktari, hili ni la tatu" ni jambo linalotaka kifua. Kwa hiyo aliye mjuzi humpa ruhusa hiyo kabla ya kuanza, mbele ya wote. "Sista, wewe utahesabu. Mlio ukishuka niambie hata kama nimekasirika. Nikishindwa mara mbili nampuliza kwa barakoa, nikishindwa na barakoa naweka ile ya kukaa juu ya zoloto, hiyo ikikataa tunafungua shingo, na kisu kiko pale." Yote hayo kwa sekunde 20. Na mara nyingine huchukua kalamu ya kuandikia na kuchora alama shingoni mwa mgonjwa aliye macho, kati ya gegedu mbili, pale ngozi inapobonyea.

Alama hiyo mara nyingi haitumiki. Ikitumika, hatua ni nne na hazina urembo: kisu kinaingia kwa upana, kinageuzwa makali yaelekee miguuni, buji inapita ubavuni mwake, mrija mdogo namba 6 unapita juu ya buji. Wanaoifahamu vizuri husema ugumu wake hauko kwenye kisu. Uko kwenye kukubali kwamba wakati wake umefika.

Mrija ukishaingia, bado haujaingia mpaka hewa chafu ionekane ikitoka. Kuna kifaa kinachochora mawimbi ya kaboni dioksidi kila mgonjwa anapotoa pumzi. Mawimbi yakikosekana, mrija hauko mahali pake, hata kama fundi anaapa aliuona ukipita. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2011 uligundua kwamba kukosa kukitumia kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya njia ya hewa vilivyotokea ICU. Si kila kitanda Nairobi kinacho. Pasipo nacho husikiliza, tumbo kwanza kisha kifua kushoto na kulia, na hutazama ukungu ndani ya mrija, na kila moja ya dalili hizo huweza kudanganya. Kama ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya afya ya kaunti yoyote, ningenunua hicho kabla ya kupaka jengo rangi.

Baada ya hapo aliyetia mrija huondoka. Anayebaki ni muuguzi, na sidhani kazi yake ni ndogo kuliko ile iliyotangulia. Sasa mrija uko sentimita 22 kwenye meno, na utakaa hapo siku 6, siku 9, katika mdomo unaotoa mate usiku kucha, kwa mgonjwa atakayegeuzwa kila baada ya saa mbili, atakayeanza kuamka na kutaka kuuvuta. Koo lililochukua majaribio matatu likipoteza mrija wake usiku, huenda lisikubali wa pili.

Jirani yangu wa Umoja, muuguzi wa ICU, alinionyesha fundo la kuufunga kwa kutumia kamba ya kiatu na bomba la kalamu. Utepe wa pamba huzungushwa mara mbili kwenye mrija wenyewe na kukazwa hapo kwanza, ndipo ncha zipite nyuma ya shingo, moja juu ya sikio na nyingine chini, zikutane ubavuni, mbali na mshipa wa shingo. Kidole kimoja lazima kipite kati ya utepe na ngozi. Viwili ni ulegevu, na bila nafasi yoyote uso huvimba. Alinifanya nijaribu. Kalamu iliteleza. "Huyo ameshatoka," alisema, akaifungua kamba nianze upya.

Alinieleza mengine wakati chai inapoa. Kufyonza makohozi hakupiti sekunde 15, na yeye huzuia pumzi yake mwenyewe anapofyonza, ili mwili wake umwambie wakati. Puto dogo la ndani linaloubana mrija kwenye koromeo hupimwa kila zamu, lisizidi sentimita 30 za maji wala kupungua 20: likizidi huinyima nyama damu, likipungua mate huteleza hadi mapafuni. Mgonjwa akigeuzwa, mtu mmoja hushika mrija na hafanyi jambo jingine lolote, hata simu ya ukutani ikilia. Ambu, ule mfuko wa kupuliza kwa mkono, hauondoki kando ya kitanda. Ulibuniwa miaka ya 50 huko Denmaki, ambako mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, wanafunzi wapatao 1,500 wa Copenhagen walipokezana zamu wakipuliza wagonjwa kwa mkono mchana na usiku, kwa mpango wa Bjørn Ibsen, na hapo ndipo ICU ilipozaliwa. Jirani yangu amewahi kupuliza ndani ya ambulensi kutoka Eastlands hadi Kenyatta, foleni ya Jogoo Road ikiwa imesimama, na alichokumbuka zaidi ni kidole gumba.

Kuna jambo moja ambalo bado halifanywi inavyostahili, hata na walio hodari. Siku mgonjwa anapotolewa mrija, baada ya puto kutolewa hewa na kusikilizwa kama hewa inapita pembeni, anapopata sauti na kuomba uji, huwa hakuna anayemwambia kwamba koo lake ni gumu. Anarudi Kariobangi au Dandora na daftari lake la hospitali lenye kona zilizokunjika ndani ya mfuko wa plastiki, na miaka mitatu baadaye analazwa usingizi kwingine kwa ajili ya ngiri, na mtu mpya anaanza bila onyo. Mistari mitatu kwenye daftari hilo ingetosha, kwa herufi kubwa: nyuzi hazikuonekana, buji ilitumika, mrija namba 7 sentimita 22, barakoa ilipuliza vizuri. Tarehe. Jina la aliyeandika. Jirani yangu ameanza kuwaandikia wagonjwa wake kwa wino mwekundu kwenye jalada la ndani, na huwafanya waisome kwa sauti mbele yake kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani.